Askari Asiye na Kazi

Nyumba za wazee wa Kiswidi waliokufa peke yao zina harufu yake, na hapa jijini hakuna anayeijua kunishinda mimi, maana ndiyo iliyonitajirisha. Ni kahawa iliyochemka miaka na miaka kwenye birika moja, soksi za sufu zilizokaukia juu ya kipasha joto, na vumbi la vitabu ambavyo hakuna mrithi anayevitaka. Kampuni yangu inahamisha watu na kusafisha nyumba za marehemu. Malori yangu mmeyaona barabarani, jina langu ubavuni kwa herufi ndefu kuliko mlango wa nyumba niliyokulia. Shule niliiachia darasa la tisa. Wale waliobaki wakisoma mpaka mabega yakapinda, leo wananipigia simu kuuliza kama nina kazi ya kiangazi kwa watoto wao. Nayasema haya mapema tusije tukachoshana: anayewasimulia hapa si mtu wa vitabu, na hajutii.

Majuzi tulikuwa Tumba, nje kidogo ya jiji, tunatoa vitu kwenye nyumba ya mzee mmoja. Jina la mlangoni nililisoma nikalipita, majina yao ya ukoo yote yananiingia sikio hili yanatokea lile. Kijana wangu mmoja, Mganda, akafungua kabati la ukutani, na harufu ya tumbaku ya kiko pamoja na mbao zilizopakwa nta ikanikuta katikati ya sebule. Nikasimama na kiti mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

"Bosi, hii chesi tutupe?" kijana akauliza. "Imekosa mfalme. Wameweka kizibo."

Akaniletea sanduku. Ndani, kwenye kitambaa cha kijani, kete zote zilikuwa zimelala mahali pake, isipokuwa pa mfalme mweusi. Hapo palikuwa na kizibo cha chupa, kimepakwa wino mweusi, na kichwani kimechomekwa msalaba wa njiti ya kiberiti. Nikamwambia anipe, yeye aendelee na makochi. Sikumwambia kwamba mfalme mwenyewe yuko ofisini kwangu Sundbyberg, juu ya meza, na amekaa hapo tangu siku nilipoinunua meza hiyo.

Baba yangu alikuwa mtunzi wa mafumbo ya chesi. Kama hujui hiyo ni kazi gani, una bahati. Si mchezaji. Mchezaji angalau ana mtu mbele yake, anatoka jasho, anashinda au anashindwa. Mtunzi anakaa peke yake na ubao, anapanga kete mahali ambapo katika mchezo wa kweli zisingefika hata wachezaji wangekuwa walevi, halafu anaandika chini: Mweupe aanze, aue kwa hatua mbili. Basi. Vita vyenyewe vimekwisha kabla hujafika, wewe kazi yako ni kutafuta risasi ya mwisho. Na wana sheria zao, hao mabwana. Njia iwe moja tu. Zikiwapo mbili, fumbo limekufa, linatupwa. Hatua ya kwanza iwe ya kimyakimya, ya adabu. Kumtisha mfalme papo hapo, au kula kete kubwa, kwao ni ushamba, ni kama kuingia nyumba ya watu ukaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Kisha kuna aina nyingine ambazo hata leo nikizikumbuka nacheka peke yangu garini: kuna fumbo ambalo mweusi anamsaidia mweupe amuue. Anamsaidia! Na kuna lingine ambalo mweupe anahangaika kumlazimisha adui yake amshinde. Watu wazima, wenye wake, wanakesha kutafuta namna nzuri ya kushindwa. Nikamwambia baba hayo siku moja nilipokuwa mkubwa. Akanijibu kwamba sijaelewa. Nimeelewa sana.

Nyinyi wa rika langu mlioletwa huku wadogo, mnawajua wazazi wa aina yake. Alikuwa mwalimu wa hesabu Bujumbura, akaja na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki, na vyeti vile havikumfungulia mlango wowote. Tulikaa Fisksätra, ghorofa ya tatu, na baba aliosha sahani katika jiko la hospitali. Msimamizi wake alikuwa msichana wa juzi tu, aliyekuwa akimwonyesha kwa kidole: hiyo, halafu hiyo. Niliona mwenyewe siku niliyompelekea funguo. Baba akawa anaitikia kwa kichwa, vidole vyake vimevimba kwa maji ya moto. Akirudi nyumbani, badala ya kupiga meza, badala ya kutukana kama wanaume wengine wa jengo letu, anavua viatu, ananawa, anafungua ubao wake wa kukunja, anawatazama wafalme wawili wa mbao mpaka chakula kinapoa.

Mama ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, Kiswahili chake kina pilipili. "Mwalimu," anamwita kutoka jikoni, "huyo mfalme wako ameshakula? Maana huyu wa kwangu bado."

"Dakika moja, mama watoto. Kuna tundu hapa."

"Tundu liko kwenye soksi zako. Hilo huwezi kulitungia fumbo?"

Mimi nilichokitaka utoto wangu wote kilikuwa kitu kimoja, na sikioni kuwa ni kikubwa: kumwona baba yangu akimshinda mtu. Mara moja. Yeyote.

Ndiyo maana nilipogundua kuhusu kadi, moyo wangu uliruka. Kila wiki baba alitumia kadi ya posta Tumba, kwa mzee mmoja aitwaye Sture, mstaafu wa reli. Nyuma ya kadi amechora ubao mdogo kwa kalamu, na kete zake. Sture naye anarudisha kadi yake. Baba akiipokea anaisoma akiwa bado na koti: "Hm! Ameona." Au anacheka puani: "Safari hii amekwama." Siku hizo, katika klabu ya vijana pale kituoni, mlinzi alikuwa ametuambia kwamba kuna mabingwa wanaocheza chesi kwa posta, kila kadi hatua moja, mchezo mmoja unaweza kula mwaka. Basi mimi nikaunganisha. Baba anapigana na Mswidi! Kimyakimya, kadi kwa kadi, na hataki kujisifu mpaka amalize. Nikamsamehe hadi zile sahani.

Pale klabuni mfalme alikuwa Orhan, mtoto wa Kituruki aliyenizidi umri na kimo. Alikuwa akinipiga chesi kila siku na kila akinipiga ananipapasa kichwa. "Mtoto wa profesa," anasema kwa Kiswidi, "profesa wa masufuria." Wengine wanaanguka kucheka. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Baba yangu anacheza na Mswidi mmoja kwa posta. Bingwa. Na anamshinda."

"Baba yako? Yule anayetembea anaangalia viatu?"

"Jumamosi tunakwenda Tumba kumalizia. Baba mwenyewe kasema: Jumamosi tutamaliza."

Na kweli alisema hivyo, akimwambia mama kwa nini hatakuwapo kubeba nguo chumba cha kufulia. Orhan akafikiri. Hakuwa mjinga. "Leta ushahidi," akasema. "Leta mfalme wa huyo mzee. Ukija bila mfalme, mkoba wangu wa shule ni wako kuubeba mpaka likizo, na mbele ya wote utasema baba yako ni wa masufuria."

"Na nikija naye?"

"Nitaubeba wa kwako."

Tukapeana mikono, mashahidi wapo.

Jumamosi hiyo nilimwomba baba twende wote, akafurahi mno, masikini, akadhani nimeanza kupenda. Tukashuka na treni mpaka kituo cha Slussen, tukabadilisha, tukapanda ya Tumba. Kote njiani baba alikuwa amevaa tai. Tai! Nikajua basi leo ni leo. Nikaangalia theluji inayeyuka kando ya reli na kuwaza nitamweka wapi mfalme wa Sture, mfuko wa ndani au wa nje.

Sture alikuwa mrefu, mwenye mashavu mekundu na kiko kisichozimika. Nyumba yake ilikuwa na harufu ile niliyowatajia. Alimshika baba mkono kwa mikono miwili. Hakuna mtu nchi hii niliyewahi kumwona akimshika baba hivyo. Akatoa kahawa na mikate ya mdalasini, akafungua sanduku la kitambaa cha kijani, akazipanga kete. Lakini hakuzipanga kama mchezo unavyoanza. Akaziweka chache tu, huku na kule, akitazama kadi ya mwisho ya baba. Mfalme mweusi katikati, amezungukwa. Nikaona: ni pale walipofikia! Baba yuko karibu kabisa kuua. Nikasogeza kiti.

Sture akavuta kiko. Muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono, akamsogeza askofu mweupe, mweupe wa baba yangu, pembeni kabisa mahali pasipo na maana, akarudi nyuma na kusema kwa sauti ya mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu: "Jaha. Jaha. Safi sana hii, rafiki yangu."

Baba akainamisha kichwa kama bibi harusi.

Kisha wote wawili wakanywa kahawa. Wakaanza kuongea jinsi askofu yule alivyojificha, sijui jinsi mweusi akienda huku anakufa hivi, akienda kule anakufa vile, wanachekelea, wanagusana viwiko. Sture akasema fumbo hili litachapishwa, na linaweza kupata zawadi ya kwanza katika jarida lao. Nikangoja. Nikangoja mpaka mkate ukaisha.

"Baba," nikamwuliza kwa Kiswahili, "nani kashinda?"

"Kashinda?" Akanitazama kwa upole wake ule unaoudhi. "Hakuna anayeshinda, mwanangu. Hili ni fumbo. Mimi nimetunga, Sture amefumbua."

"Hamchezi?"

"Sisi hatuchezi. Wachezaji ni watu wengine."

Mnajua hasira ya mtoto inavyoanzia magotini? Nilimwona Orhan. Niliuona mkoba wake. Nikawaona hawa wazee wawili na tai yao na kiko chao, kadi za majira mazima ya baridi, stempu, chakula kilichopoa, mama anaongea na ukuta, na kumbe hakukuwa na vita, hakukuwa na adui, Mswidi huyu alikuwa upande wetu muda wote! Nikasimama. Nikamrudisha askofu alikotoka, nikamkamata malkia mweupe, nikampeleka ubao mzima, nikamla farasi mweusi kwa kishindo hadi vikombe vikalia.

"Mimi ningecheza hivi," nikasema.

Baba akatabasamu. "Hapana, mwanangu. Hapo mfalme anamla malkia wako."

"Amle." Nikamla mimi mwenyewe kwa mfalme mweusi, nikaushusha mnara. "Sasa?"

Baba akainamia ubao.

"Na akikimbia," nikasema, nikarudisha kete, nikamkimbiza mfalme kwenye mraba pekee uliobaki, "askofu huyu hapa. Kafa tena. Kwa hatua mbili. Si mmesema mbili?"

Sture akatoa kiko mdomoni. Akaziangalia kete, akazirudia, upande huu, upande ule. Nje watoto walikuwa wakigombea mpira. Mzee yule akamtazama baba kwa huruma ambayo hata mimi niliielewa, na hapo ndipo nilipojua nimefanya nini: njia mbili. Fumbo limekufa.

Sijisifu bure. Niliyekuwa nashindwa na Orhan kila siku nilibomoa kwa mkono mmoja kazi iliyowachukua watu wawili wenye mvi miezi. Na siri ya ushindi wangu ni ile ile iliyonijengea kampuni. Wao hawakumwangalia malkia kwa sababu adabu yao iliwakataza. Nani ataanza kwa kula na kutisha? Mshamba. Basi mlango mkubwa ulikuwa wazi muda wote na wao wanachungulia madirishani. Nimewaona wengi wa namna hiyo tangu hapo, wenye shahada, wanatengeneza mipango ya biashara yenye rangi tatu. Mimi nampigia mteja simu.

Tulipokuwa tunavaa makoti, Sture akaja na kitu ndani ya ngumi. Akanifungulia mkono. Mfalme mweusi.

"Umemuua wewe," akasema. "Mchukue."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu Orhan. Mpaka leo sijui alifikiria nini mzee yule, kuharibu sanduku zima kwa ajili ya mtoto mwenye hasira.

Kwenye treni nilikaa nikingoja kofi. Baba alikuwa amelegeza tai, anatazama nje. Tulipita vituo kadhaa.

"Kwa nini ulianza na malkia?" akauliza mwishowe.

"Kwa sababu ndiye mwenye nguvu."

Akacheka. Baba yangu, ambaye kicheko chake kilikuwa cha puani tu, alicheka mpaka mwanamke wa kiti cha mbele akageuka, mpaka akafuta macho kwa ile tai. "Majira yote ya baridi," akasema, "sikumgusa malkia. Nilimwonea aibu."

Halafu akanisimulia habari ya padri mmoja wa zamani, mchezaji hafifu tu, asiyejulikana kwa lolote. Mabingwa walichapisha fumbo la mwisho wa mchezo wakasema hapa ni sare, hakuna mshindi. Padri akalitazama, akaona kwamba askari mdogo akifika mwisho wa ubao, asigeuke malkia kama kila mtu anavyofanya, ageuke mnara, na mweupe anashinda. Kwa hatua hiyo moja jina lake halifi. Baba alisimulia hayo macho yakiwa yamelowa. Nikamwambia mbona huyo padri hakufanya kitu kingine na maisha yake. "Labda alifanya," akasema baba.

Mama alitufungulia mlango, mwiko mkononi. "Haya, Mwalimu, umeshinda?"

"Nimepigwa," baba akasema, "na huyu hapa."

"Alhamdulillahi," mama akasema, na sisi ni Wakristo. "Angalau mmoja amerithi akili zangu."

Jumatatu nikamweka mfalme juu ya meza ya klabu. Orhan akamgeuza, akamnusa, akauliza: baba yako kashinda kweli? Nikamjibu: nimeshinda mimi. Akaubeba mkoba wangu mpaka likizo, na nilihakikisha una mawe.

Hadithi ingeishia hapo kama baba angekuwa mtu wa kawaida. Lakini mtunzi hakubali maiti. Majira yote ya kuchipua akalikarabati fumbo lile, na dawa aliyoipata ilikuwa askari mmoja mweusi, pembezoni mwa ubao, kimshazari nyuma ya farasi. Kazi yake ni moja: mtu akija na ushamba wake akamla farasi kwa malkia, askari yule anamla malkia. Kwisha. Zaidi ya hapo hafanyi kitu, kasimama tu. Hata mimi nisiyejua uzuri wa mambo hayo niliona anavyochukiza. Kete nyingine zote zimekaa kama meza iliyopangwa kwa wageni, na pembeni kuna kiatu. Jarida likachapisha, na muda mrefu baadaye mwamuzi wao, bwana mwingine wa kiko bila shaka, akaandika kwamba wazo ni la hali ya juu lakini yule askari wa pembeni anasikitisha. Kwao kete isiyo na kazi ya kutosha ni dhambi. Zawadi ya kwanza akapewa mwingine. Baba akapewa maneno ya pongezi, kisha akaenda kuosha sahani.

Nilimcheka. Nilikuwa kijana tayari, nimeshaanza kubeba makochi ya watu, nina pesa zangu mfukoni. Nikamwambia: unaona? Hata mchezo usio na mpinzani umeweza kushindwa.

Siku ya mazishi ya baba, Sture alikuja, kazeeka, anatembea na fimbo. Katika kahawa ya baada ya ibada akakaa karibu nami na kunong'ona kama mtu anayetoa siri ya serikali. Yule askari, akasema, hakuwa wa lazima. Kabla ya kuchapisha alimwandikia baba: hamisha kete zote mraba mmoja kushoto, shimo linajifunga lenyewe, malkia anakosa njia, huna haja ya askari. Zawadi ya kwanza ni yako.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasema anajua. Alishaliona kabla yangu. Akasema askari abaki."

"Kwa nini?"

Sture akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Akasema: hapo ndipo alipopita mwanangu."

Nilimwona mjinga. Wote wawili niliwaona wajinga. Zawadi pekee ambayo nchi hii ingempa, ameitupa kwa ajili ya kipande cha mbao. Niliondoka mapema, nilikuwa na mzigo wa kupeleka.

Sasa sanduku la Sture liko nyumbani kwangu, juu ya meza ya kulia iliyonigharimu bei ya gari. Mpwa wake alisema nichukue tu, halina thamani. Jana nilimleta mfalme kutoka ofisini nikamlaza mahali pake, kile kizibo nikakiweka dirishani. Kisha nikalipanga fumbo la baba. Sikuangalia popote, vidole vilijua. Binti yangu akapita na simu yake, akasimama. Yeye anasoma hesabu chuoni, akili hizo sijui kazitoa wapi. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, kama wa kwenu tu. Akaziangalia kete muda, akapata ile hatua ya askofu haraka kuliko nilivyopenda.

"Fint," akasema, yaani safi. "Lakini pappa, huyu hapa anafanya nini?" Na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kichwa cha askari wa pembeni. "Hana kazi. Ukisogeza zote mraba mmoja, hahitajiki."

"Mwache," nikasema.

"Lakini anaharibu..."

"Nimesema mwache hapo alipo."